Mbona Mimi Nasikia Harufu ya Waini Tu?

SWALI: Habari za kazi dada. Juzi nilialikwa kuonja waini na wenzangu wa kazini, kila mtu akinusa glasi yake anataja vitu, mara cheri, mara vanila, mara ngozi, zamu yangu ilipofika nikasema nasikia harufu ya waini, wakacheka. Niliumia maana nilikuwa nasema ukweli. Je pua yangu ina tatizo? Na nitajuaje kama waini ni nzuri kweli au nimeipenda tu?

JIBU: Pole sana mdogo wangu, waliokucheka wamekosea. Pua yako ni nzima, ulichokosa ni majina. Harufu zote unazisikia ila hujawahi kuziita moja moja, ndo maana zinakujia kwa mkupuo kama watu wanaoongea wote pamoja. Hata wataalamu walihangaika na hilo, mpaka mwaka 1984 mtafiti Ann Noble wa Chuo Kikuu cha California, Davis, akachora gurudumu la harufu, katikati ameweka makundi makubwa kama matunda, maua, viungo, mbao, udongo, halafu ukienda kwa nje kila kundi linagawanyika.

Sa na we anzia katikati hivohivo, usikimbilie cheri. Jiulize hii ni tunda au sio tunda? Kama ni tunda, ni jamii ya ndimu, ni jekundu, ni jeusi? Ni bichi, limeiva, au limekaushwa? Ukiweza kujibu hayo matatu kwa uaminifu umeshaonja vizuri sana, hata kama neno cheri halijakutoka. Na siku ambazo hakuna waini nusa vitu kwa makusudi, ganda la limau, karafuu, pilipili manga, jani lililopondwa, huku unataja jina lake, maana hiyo ni kumbukumbu na kumbukumbu inafundishika.

Mimina kidogo, theluthi ya glasi inatosha, na glasi iwe na tumbo pana na mdomo uliobana ili harufu isitoroke. Nusa kabla hujazungusha, kisha zungusha unuse tena, utashangaa zinavyotofautiana. Waini ikiwa ya baridi sana harufu inalala, nyeupe naipendea kwenye nyuzi 8 hadi 12 na nyekundu 15 hadi 18, ikipanda zaidi ya hapo kilevi kinakupiga puani na husikii kingine. Na tafadhali siku hiyo usijipulize manukato, unawaharibia na wenzako.

Mdomoni ipitishe kila mahali, vuta na hewa kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kutokea nyuma ya koo, ukibana pua utaona mwenyewe inavyopotea. Mate yakijaa, huo ni uchachu. Fizi na ulimi vikikauka kama umekunywa chai iliyokaa na majani muda mrefu, huo ukakasi ni tanini, unatoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, saa nyingine kwenye mapipa ya mwaloni. Moto kooni ni kilevi. Halafu tema! Sio dharau, wanaoonja kwa kazi wanatema, maana usipotema ukifika glasi ya sita huonji tena, unakunywa.

Kuhusu nzuri na kuipenda, hayo ni mambo mawili na nakusihi uyatenganishe. Mimi sipendi waini tamu, lakini zipo tamu nilizozipa alama za juu kwa sababu uchachu wake uliubeba utamu, hakuna kilichommeza mwenzake. Angalia mizani hiyo kwanza, halafu ukishatema hesabu taratibu ladha nzuri inadumu muda gani, halafu uone kama kila ukirudi kwenye glasi unakuta kitu kipya. Na andika kabla hujasikia mtu yeyote anasemaje, tena lebo ifichwe. Mwaka 2001 huko Bordeaux, Ufaransa, watafiti walichapisha jaribio ambapo wanafunzi 54 wa fani ya waini walipewa nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu, wakaieleza kwa maneno ya waini nyekundu. Ikiwa macho yanaweza kuongoza pua hivo, maneno ya wenzako wanaoongea kabla yako unafikiri yanafanya nini?

SWALI: Dada, ni kweli ile michirizi inayoteremka ndani ya glasi inaonyesha waini bora?

JIBU: Hapana mpenzi. Inatokana na kilevi kuvukizwa kwenye ukingo wa glasi, itakudokezea nguvu ya kilevi, ubora hapana.

SWALI: Nilifungua chupa ikanuka boksi lililoloana, nikanywa hivohivo. Ndo inavyotakiwa kuwa?

JIBU: Hapana, hiyo iliharibika, kuna kemikali inaitwa TCA inayotokana na ukungu kwenye kizibo cha gome. Haikudhuru usiwe na wasiwasi, ila imeua harufu zote za matunda. Siku nyingine irudishe bila aibu. Mhudumu anapokumiminia kidogo uonje kwanza anauliza hicho tu, kama chupa ni nzima, haulizi kama umeipenda.