"Tutaelewana" haikuandikwa popote

Machi 2020, siku chache baada ya Shirika la Afya Duniani kutangaza tarehe 11 kwamba korona imekuwa janga la dunia, mwenye jengo ninalopanga alinitumia ujumbe wa sauti wa nusu dakika. "Usihangaike na kodi kwa sasa, hali tunaiona wote, tutaelewana." Niliusikiliza mara tatu kwa furaha. Nina karakana ndogo ya uchapaji: kadi za mialiko, mabango ya mikutano, vitabu vya risiti. Mikutano na sherehe zilipokatazwa, kazi zilikauka ndani ya wiki moja. Nikakaa miezi mitano bila kulipa kodi.

Mwaka uliofuata ikaja barua ya wakili wake. Kodi ya miezi yote mitano, pamoja na riba ya ucheleweshaji kama mkataba ulivyosema. Simu yenye ule ujumbe wa sauti nilikuwa nimeshaidumbukiza kwenye ndoo ya maji, na nakala sikuwa nayo.

Nikikaa nikatafakari, mzee yule hakunidanganya. Yeye alimaanisha tutaelewana lini nilipe, mimi nikasikia nimesamehewa. Kisheria hayo ni mambo mawili yasiyokaribiana. Hata serikali zilizoingilia kati, nyingi ziliahirisha tu. Ujerumani ilizuia mpangaji asifukuzwe kwa kodi aliyoshindwa kulipa kati ya Aprili na Juni 2020 kwa sababu ya korona, lakini deni lilibaki palepale, na muda wa kulimaliza ulikwisha Juni 30, 2022. Walioshangilia mwanzoni bila kusoma hadi mwisho najua walivyojisikia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ninaoushikilia kuliko yote: mtu akikupa nafuu, mwandikie siku hiyohiyo. "Asante. Nathibitisha tulivyokubaliana leo: kodi ya Aprili na Mei imesamehewa nusu, nusu iliyobaki nitailipa kidogo kidogo kuanzia Septemba, haina riba. Naomba unijibu kama ndivyo." Akijibu "ndivyo", hifadhi mahali pawili. Kisha fungua mkataba uangalie kama una kifungu kinachosema mabadiliko yote lazima yaandikwe na kusainiwa na pande zote. Kama kipo, ujumbe wa simu unaweza usitoshe. Chapa ukurasa mmoja, msaini wote wawili. Na kama kuna mtu alikudhamini, mshirikishe, maana deni likigeuka mlango wake nao utagongwa.

Mimi si wakili. Haya nimeyalipia, na sheria za kila nchi zina yake.

Jambo la pili lilikuwa kile kifungu cha matukio yaliyo nje ya uwezo wa wahusika, ambacho kabla ya 2020 nilikuwa nakiruka nikisoma mkataba, kama mtu anavyoruka maelezo ya kisanduku cha dawa. Muuza karatasi wangu alikitumia kuniambia hawezi kuleta mzigo. Nami nikadhani ninaweza kukitumia kutomlipa mzigo wa nyuma. Wakili wangu alinicheka kidogo. Kifungu hicho kwa kawaida humwokoa aliyezuiwa kutekeleza, si aliyeishiwa hela. Kukosa fedha, au kazi kuwa ghali kuliko ulivyokadiria, mara nyingi hakuhesabiwi. Isitoshe mikataba mingi inadai utoe notisi kwa maandishi ndani ya siku chache tangu tukio lianze, na ueleze tukio lilivyozuia kazi ile hasa. Ukikaa kimya miezi miwili ukitegemea kwamba kila mtu anajua kuna korona, unaweza kupoteza haki uliyokuwa nayo. Yule muuza karatasi, kwa taarifa yenu, alituma notisi siku ya nne. Nilikasirika wakati ule. Sasa namvulia kofia.

Na kama mkataba haukusema chochote? Hapo ndipo nilipobanwa na mteja aliyeniagiza mabango ya mkutano. Mkutano ukafutwa, akataka malipo yake ya awali yote, na mimi karatasi nimeshanunua na nusu ya kazi nimeshachapa. Wakili akanisimulia kesi ya Kiingereza ya 1903, Krell dhidi ya Henry. Mtu alikodi vyumba London ili atazame maandamano ya kutawazwa kwa mfalme Edward VII, mfalme akaugua, maandamano yakaahirishwa. Mahakama ikasema msingi wa mkataba umeondoka, hivyo mkodishaji hawezi kudai salio. Lakini mahakama zinazofuata mkondo huo hazikubali hoja hii kirahisi, na suala la nani abaki na hela iliyokwisha kutolewa hutegemea sheria ya nchi yako. Tuligawana hasara kwa mazungumzo: nilimrudishia sehemu, nikabaki na gharama ya karatasi. Niliweza kumwonyesha risiti za ununuzi zenye tarehe. Bila zile risiti sidhani angenisikiliza.

Bima nitaipitia upesi, kwa sababu kwangu ilikuwa maumivu mafupi. Bima nyingi za kukatika kwa biashara zinadai kwanza kuwe na uharibifu wa kuonekana, kama moto au mafuriko, na kirusi hakivunji ukuta. Lakini usikubali "hapana" ya kwanza kabla ya kusoma maneno ya bima yako. Mahakama ya Juu ya Uingereza, Januari 15, 2021, iliamua kwamba kampuni za bima zilipaswa kulipa madai mengi ya biashara zilizofungwa, kwa sababu vifungu vya magonjwa katika bima zile vilisomeka hivyo. Ukihuisha bima sasa, tafuta kama wameongeza mstari unaotoa nje magonjwa ya kuambukiza. Wengi wameuongeza.

Wafanyakazi. Nilikuwa na wanne. Niliwaita, nikawaeleza, tukakubaliana nusu mshahara kwa miezi mitatu, kila mmoja akasaini karatasi yake. Hapo nilifanya sawa, na ni kwa bahati tu: binti yangu ndiye aliyesisitiza. Kupunguza mshahara bila ridhaa ya mfanyakazi, au kumwambia "nenda likizo bila malipo nitakuita", ni mlango wa kesi katika nchi nyingi, hata kama nia ilikuwa kuwaokoa wote.

Ila lipo daftari. Mlangoni niliweka daftari la kuandika jina, namba ya simu na joto la mwili la kila anayeingia. Lilikaa wazi juu ya meza, kila mteja anasoma waliotangulia, na siku moja mteja alipigiwa simu na mtu aliyeokota namba yake humo. Taarifa za afya zinalindwa kwa ukali kuliko taarifa nyingine katika sheria nyingi za faragha. Nililifungia kabatini, na muda wa kulitunza ulipokwisha nililichana.

Wanaodhani haya yamepita kwa sababu dharura ya afya ya dunia ilitangazwa kuisha Mei 5, 2023, waangalie kalenda. Uingereza dai la mkataba wa kawaida lina miaka 6 ya kufikishwa mahakamani, kwingine muda ni mfupi au mrefu zaidi. Kama kuna mtu anakudai au unamdai tangu 2020, uliza wakili wako muda uliobaki kabla hujamwandikia chochote, maana katika baadhi ya sheria kukiri deni kwa maandishi kunaanzisha hesabu upya.

Mimi na mzee tulimalizana kwa msuluhishi. Akafuta riba, nikalipa kodi yote kwa miezi kumi na minane, kurasa mbili zilizosainiwa. Siku ya malipo ya mwisho nilimwomba aniandikie kwamba sidaiwi tena. Akacheka, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya risiti. Nikamwomba aongeze tarehe.