Maharage ya Jumapili yanachacha mapema

SWALI: Kila Jumapili nachemsha kilo 1 ya maharage ili jioni za kazi tusikimbilie chipsi. Ikifika Jumanne yamechacha, na friji inafanya kazi vizuri. Nakosea wapi?
Mama wa watoto watatu, Morogoro

JIBU: Mama, tunashuku sufuria. Maharage mengi yakiachwa ndani yake, katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, hata ndani ya friji, na bakteria huzaana hapo. Yakishaiva, yagawe kwenye vyombo vipana, kina kisizidi sentimita 5, na yaingie friji ndani ya saa 2.

Pia usiyaunge yote. Nazi hasa huchacha upesi. Hifadhi yaliyochemshwa tu, kisha unga ya siku hiyo kwa kitunguu, nyanya na nazi. Dakika 20 zinatosha. Teka kwa upawa safi na mkavu.

Kilo 1 kavu hutoa zaidi ya kilo 2 zilizoiva. Ya Jumatatu hadi Jumatano yakae kwenye friji. Ya Alhamisi na Ijumaa yagandishe siku hiyohiyo ya Jumapili, kila mlo na mfuko wake. Kwa mboga, nunua mchicha siku ya kuupika, lakini kabichi na karoti huvumilia wiki nzima.

Yaliyokwisha kuchacha yamwage, tafadhali. Kuyachemsha upya hakuondoi kila sumu iliyoachwa na bakteria, na watoto ndio huumia zaidi.