Mwanangu ana usonji na polisi walimshika

SWALI: Mwanangu wa miaka 20 ana usonji. Mwezi uliopita alishikwa usiku karibu na duka lililovunjwa, kwa sababu aliposimamishwa aliinamisha macho na kuchezesha vidole. Askari alimuuliza, "Umeiba simu?" naye akajibu, "Umeiba simu." Alizabwa kofi kwa kudhaniwa anadhihaki. Sasa yuko nje kwa dhamana ya polisi, na ametakiwa arudi kuandikisha taarifa. Nifanyeje? – Mama, Mombasa

JIBU: Pole sana, mama. Baadhi ya watu wenye usonji hurudia maneno kama walivyoyasikia bila kubadilisha nafsi, ndiyo maana swali lilimrudia askari kama tuhuma. Kinachonitia hofu zaidi ya kofi ni maswali ya namna ya "Uliingia kwa mlango au kwa dirisha?" ambapo kijana akirudia neno la mwisho tu, "kwa dirisha", tayari amejitia hatiani kwenye karatasi.

Kwa hiyo asirudi kituoni peke yake. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya inampa aliyekamatwa haki ya kunyamaza, na ya kuwasiliana na wakili pamoja na watu wengine ambao msaada wao ni wa lazima. Wewe ni mmoja wao. Vilevile, kwa kifungu cha 25A cha Sheria ya Ushahidi, ungamo lililotolewa mbele ya polisi halikubaliki mahakamani iwapo lilichukuliwa na mpelelezi wa kesi yenyewe, au bila mtu aliyechaguliwa na mshukiwa kuwapo. Bebeni barua ya daktari, na muombe hali yake iandikwe katika kitabu cha matukio kabla ya swali la kwanza.

Akishtakiwa, wakili aombe mapema mtu wa kati chini ya Ibara ya 50(7), ambayo inairuhusu mahakama kukubali mtu huyo amsaidie mshtakiwa au mlalamishi kuwasiliana nayo. Kwa kazi hiyo nisingekuchagua wewe, kwani huenda ukahitajika kuwa shahidi. Mwalimu aliyezoea usemi wake angefaa zaidi. Msikubali kwa haraka hoja ya kwamba hana akili timamu. Usonji si wazimu, na uchunguzi wa kifungu cha 162 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai unaweza kuahirisha kesi huku kijana akiwekwa kizuizini.

Malalamiko kuhusu kofi hupelekwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi. Andika leo saa, mahali na maneno yaliyosemwa.