Amplifaya mpya haihitaji siku za kuzoeshwa

Ndugu yangu wa Ujiji, muuzaji aliyekuambia kwamba mkwaruzo wa amplifaya yako mpya utakwisha ukipiga muziki kwa saa 100 amekupa ushauri usio na msingi, nami nakusihi usiufuate. Transista, yaani vipande vya ndani vinavyokuza mawimbi ya sauti, hutulia kifaa kinapopata joto, jambo ambalo kwa kawaida halizidi nusu saa au saa moja, na kikizimwa kikapoa, hali hiyo huanza upya. Kapasita za elektroliti (vipande vinavyohifadhi umeme ndani ya kifaa) zilizokaa miaka mingi bila umeme ndizo huhitaji muda wa kurejesha utando wake mwembamba wa oksidi unaozuia umeme kuvuja, lakini hilo halihusu kifaa kilichotoka kiwandani karibuni. Spika ni habari nyingine, kwa kuwa mpira na kitambaa vinavyoshikilia koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, hulegea kidogo zinapoanza kutumika. Masikio nayo huzoea sauti, na nadhani hiyo ndiyo sababu kubwa ya imani hii kuenea. Mkwaruzo ni hitilafu. Badilisha kwanza waya, kisha spika, na usipokwisha, irudishe amplifaya dukani Kigoma mjini wiki hii hii, muda wa waranti ukiwa bado upo.