"Nimeenda" au "nimekwenda"?

Mzazi mmoja anauliza: "Mwanangu wa darasa la tano aliandika 'nimeenda sokoni', mwalimu akamwekea kosa na kuandika 'nimekwenda'. Nani yuko sahihi? Na mbona tunaamrisha kwa 'nenda', si 'enda'?"

Mzazi mwenzangu, mtoto hakukosea. Arudishiwe alama yake.

Mkazo wa Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na viambishi -na-, -li-, -ta- na -me- haviwezi kuubeba. Tungesema "nimela", mkazo ungeiangukia "me", basi tunaingiza "ku": nimekula, atakunywa, walikufa. Lakini "enda" lina silabi mbili na mkazo hukaa juu ya "e" bila msaada, kwa hiyo "nimeenda" linajitosheleza. Hata hivyo, "ku" ikikutana na "e" huwa "kwe", na "kwenda" likasikika fupi kama "kula" na "kunywa". Naona ndiyo sababu wasemaji wakalitendea kama wenzake hao. "Kwisha" nalo ni hivyo hivyo: chakula kimekwisha, chakula kimeisha.

Hiari hiyo ina mpaka. Katika "hakwenda", "ku" ni kikanushi cha wakati uliopita, ileile ya "hakusoma", nayo haiondoki. Kinyume chake, "haendi", "aende" na "akienda" haviipokei kabisa.

Wala "huenda" haliipokei, na hili ndilo linalonivutia kuliko yote. Ni "hu" ya mazoea juu ya "enda", lakini leo maana yake ni labda. "Huenda mvua ikanyesha": hapo hakuna anayekwenda popote. "Endapo" nalo limekuwa iwapo. Kitenzi cha miguu kimezaa neno la shaka na neno la sharti!

Ni kitenzi cha kale cha Kibantu. Waganda husema "genda", Wanyarwanda na Warundi "kugenda". Sisi tumeidondosha "g", tukabaki na ukoo mkubwa: mwendo, mwenendo, endesha, endelea, maendeleo.

Ama "nenda", hiyo ni amri isiyofuata kanuni, kama "njoo" na "lete". Wingi wake ni "nendeni". "Enda" husikika katika mazungumzo, hasa Kenya, ila kwenye mtihani mtoto aandike "nenda". Akikataza, "n" hiyo ya mwanzo hutoweka: usiende, msiende.