Galaxy Tab ya 2010: mwili bado mzima, mfumo ulishazeeka

Ukikuta Samsung Galaxy Tab ya kwanza kwenye droo ya ndugu yako au kwenye meza ya fundi simu, usiidharau. Ila pia usiilipie hela ya kishikwambi cha leo. Nimekaa nayo miaka mingi, kwanza nikiitumia kama simu na kompyuta yangu ya safarini, baadaye kama maktaba yangu ya usiku, na ninachokiamini ni kwamba mwili wake uliundwa vizuri kuliko mfumo uliowekwa ndani yake. Ukilielewa hilo, utajua leo inafaa kazi gani na haifai kazi gani, na ukienda dukani kununua kipya utajua cha kuuliza.

Ilitangazwa Berlin, kwenye maonyesho ya vifaa vya elektroniki ya IFA, Septemba 2010. Wakati huo iPad ya kwanza ilikuwa na miezi michache tu sokoni: kioo cha inchi 9.7, uzito unaokaribia gramu 700, haina kamera hata moja, haina tundu la memori kadi. Galaxy Tab ikaja na kioo cha inchi 7, gramu 380, kamera ya nyuma ya megapikseli 3 yenye taa yake, kamera ya mbele, nafasi ya memori kadi hadi GB 32, na laini ya simu. Oktoba mwaka huohuo Steve Jobs, mkuu wa Apple inayotengeneza iPad, alizisema vibaya tableti za inchi 7, kwamba ni ndogo mno na watu itabidi wasugue vidole kwa msasa ndipo waweze kubonyeza. Novemba 2012, mwaka mmoja baada ya kifo chake, kampuni yake ikaingiza sokoni iPad mini yenye kioo cha inchi 7.9. Mimi nilikuwa upande wa kioo kidogo tangu mwanzo na sijahama.

Upana wa Galaxy Tab ni milimita 120 hivi. Maana yake unaikamata kwa mkono mmoja, dole gumba ukingo huu na vidole vinne ukingo ule, na mkono wa pili unabaki huru kushika bomba la daladala. Jaribu hivyo na kishikwambi cha inchi 10 halafu dereva akanyage breki. Kwa mtu anayesoma akiwa njiani, hiyo si sifa ndogo. Inaingia kwenye mkoba wa kawaida, kwenye mfuko wa koti, na ukiwa umelala chali haikuchoshi mkono baada ya kurasa chache. Kioo chake cha pikseli 1024 kwa 600 hakiwezi kushindana na vya sasa, herufi ndogo za faili la PDF lililoskaniwa zinatia ukungu, lakini ukiilaza kwa upana ukurasa unajaa kioo na unasomeka bila kusogeza kushoto na kulia.

Sifa ya pili, ambayo watu wa kwetu waliifurahia kuliko ilivyozungumzwa kwingine, ni kwamba ilikuwa simu kamili. Matoleo yaliyouzwa na makampuni ya simu ya Marekani yalinyimwa uwezo wa kupiga simu. Ya kimataifa yaliachiwa. Unaweka laini, unapiga, unapokea, unatuma ujumbe. Unabonyeza *150*00# na menyu ya M-Pesa inafunguka palepale, bila bando na bila kupakua programu yoyote. Tableti nyingi zilizokuja baadaye zina laini ya intaneti tu, ukitaka kutuma pesa inabidi utoe simu nyingine mfukoni. Kasoro yake ni kwamba haina spika ya kuweka sikioni. Ukipokea bila earphone, mazungumzo yanasikika kwa wote mliokaa pamoja, kwa hiyo earphone ni sehemu ya kifaa, si nyongeza.

Laini yake ni ile kubwa ya zamani. Laini za sasa zinakuja zimechongwa kwa saizi tatu ndani ya kadi moja, kwa hiyo usiivunje hadi ile ndogo kabisa. Ukilazimika kutumia fremu ya plastiki, ibane vizuri, maana ikiachia ndani inaweza kunasa kwenye pini, na kuitoa bila kuvunja pini hizo ni kazi ya fundi mwenye subira.

Sasa tuje kwenye upande mgumu.

Ilitoka na Android 2.2, iliyopewa jina Froyo, na huo ulikuwa mfumo wa simu. Hilo halikuwa siri: Septemba 2010, mwezi uleule iliotangazwa, Hugo Barra wa Google alisema Froyo haikuandaliwa kwa ajili ya tableti. Matokeo yake uliyaona kila ulipofungua programu. Baadhi zilivutwa zikajaa kioo, vitufe vikawa vikubwa na maandishi machache. Nyingine zilikaa katikati kama stempu kwenye bahasha, zimezungukwa na weusi. Samsung ilijitahidi kwa programu zake yenyewe: barua pepe na kalenda zilipangwa safu mbili ukiilaza, na zilipendeza. Zilizobaki zilikuwa bahati nasibu.

Mfumo wa kwanza wa Android uliokusudiwa tableti, Android 3.0, ulikuja Februari 2011 na tableti ya Motorola Xoom, na nao ulikuja haujaiva. Xoom yenyewe ilianza kuuzwa ikiwa na tundu la memori kadi ambalo halikufanya kazi mpaka mfumo usasishwe. Nalitaja hili kwa sababu mpaka leo kuna watu wanaonunua kifaa kwa ahadi iliyoandikwa kwenye boksi kwamba kitu fulani "kitakuja baadaye". Nunua kilichopo siku hiyo.

Galaxy Tab ilisogezwa hadi Android 2.3 na ikaishia hapo. Android 4.0 hawakuipata wenye nayo, na sababu iliyotolewa ni kumbukumbu: RAM yake ni MB 512, na sehemu ya hiyo inaliwa na mapambo ya Samsung yaliyowekwa juu ya Android. Ukiwa unaitumia unalihisi hilo waziwazi. Unasoma kitabu, unatoka kujibu ujumbe, unarudi, kitabu kinafunguka upya toka ukurasa wa mwanzo kwa sababu mfumo ulishakifunga kimyakimya ili upate nafasi. Dawa yake ni kutumia kisomeo kinachokumbuka ukurasa chenyewe. FBReader kinafanya hivyo, ni chepesi, na matoleo yake ya zamani yanaikubali Android 2.2.

Kuna mafundi watakaokuambia wataiflashi na kuiwekea Android 4 kupitia CyanogenMod, toleo la Android lililotengenezwa na watu wa kujitolea. Ni kweli inawezekana, na watu wengi walifanya. Lakini RAM haiongezeki kwa kuflashi. Utapata sura mpya na kifaa kizito zaidi, na ukikosea hatua moja unabaki na kioo cheusi. Kama lengo lako ni kusoma na kusikiliza, iache na mfumo wake wa asili.

Chaji nayo inahitaji uangalifu. Waya wake ni wa pini 30, mpana, wa aina yake, hauingiliani na waya wa simu nyingine yoyote uliyonayo nyumbani. Chaja yake ya asili inatoa ampea 2. Ukiichomeka kwenye kompyuta, mara nyingi inakuonyesha alama ya X juu ya betri, kwamba chaji haiingii, hata kama inaingia kidogokidogo ukiwa umeizima. Chaja nyingi za mitaani zinakupa matokeo hayohayo, kwa sababu kifaa kinapima umeme kwenye nyaya za data kabla ya kukubali kuvuta. Kwa hiyo ukienda kuinunua kwa mtu, ukiona hana waya na chaja ya asili, shusha bei sana au ondoka. Kifaa unaweza kukipata. Waya wake mzuri ndio shughuli.

Halafu intaneti. Hapa sitaki nikupe matumaini ya bure. WhatsApp iliacha kufanya kazi kwenye Android 2.3.7 kurudi nyuma Februari 2020. Septemba 27, 2021, Google ikafunga kuingia kwa akaunti kwenye matoleo hayohayo, maana yake Gmail, YouTube na Ramani zikakatika, na duka la programu likaenda nazo. Tovuti nyingi nazo hazifunguki kwa kivinjari chake, kwa sababu zinadai usimbaji wa TLS 1.2, yaani njia mpya zaidi ya kuficha data ikiwa njiani, na mfumo huu haukuwahi kuujua. Unaandika anwani sahihi, mtandao uko vizuri, na unaletewa ujumbe kwamba muunganisho umeshindikana. Watu wanalaumu bando au mnara. Si bando. Na Flash, programu ya kuchezea video na michezo ndani ya tovuti, ambayo mwaka 2010 ilitangazwa kwa mbwembwe kama jambo ambalo iPad haina, ilizikwa rasmi mwisho wa 2020.

La hatari zaidi ni usalama. Mwaka 2015 ulifichuliwa udhaifu ulioitwa Stagefright, uliogusa Android kuanzia 2.2, ambapo ujumbe wa picha au video uliotengenezwa kwa hila uliweza kumpa mwizi mlango wa kuingia. Vifaa vya umri huu havikupata kiraka cha kuuziba. Kwa hiyo usiweke humo programu ya benki, usihifadhi nywila, usiifanye ndiyo barua pepe yako. Hata M-Pesa niliyoisifia hapo juu, siku hizi ninaifanyia kwenye simu iliyosasishwa.

Yangu sasa imekaa kwa mama. Niliondoa alama zote za programu kwenye kioo cha mbele nikabakiza tatu: muziki, vitabu, saa. Nikaiweka kwenye hali ya ndege, kwa hiyo hakuna kinachohangaika kutafuta mtandao na betri inakaa siku kadhaa. Kwenye memori kadi kuna kaswida, mawaidha, na Kurani yenye maandishi makubwa. Spika zake mbili ziko chini, pembeni mwa tundu la chaji, kwa hiyo mama anaisimamisha kichwa chini juu ya kabati la jikoni ili sauti itoke juu. Hakufundishwa na mtu, aligundua mwenyewe. Hakuna aliyempigia kelele kusasisha chochote, na hakuna tangazo linalomkatiza katikati ya kaswida.

Kwa mtoto anayejifunza kusoma pia inafaa, na kwa mwalimu anayetaka kubeba vitabu vya kiada vya PDF bila wanafunzi kuona ujumbe wake binafsi. Muvi zilizo kwenye faili za aina ya DivX na Xvid inazicheza bila kulalamika, hata zile zilizotafsiriwa unazowekewa kwenye kadi na kijana wa dukani. Mwambie tu akuwekee faili zisizozidi GB 4 kila moja, na kadi isizidi GB 32 na ipangwe (iformatiwe) kwa FAT32. Kadi kubwa za kisasa huja na mpangilio mwingine ambao kifaa hiki hakiusomi, kinakuambia kadi haina kitu au imeharibika wakati ni nzima.

Betri ni ya mAh 4000 na haitoki kwa mkono. Kabla ya kununua, weka kifaa juu ya kioo cha meza uone kama mgongo unayumba, kisha angalia ukingo wa kioo chake kama umenyanyuka. Betri iliyovimba haina mjadala, usiichaji hata mara moja. Na ukiwa unaiweka kabatini kwa muda mrefu, iache na chaji ya nusu, si ikiwa tupu wala imejaa.

Kama unakwenda kununua kishikwambi kipya, nenda na maswali haya. Kitasasishwa mpaka mwaka gani? Muuzaji akishindwa kujibu, tafuta jibu kwenye tovuti ya mtengenezaji kabla hujatoa hela. RAM halisi ni kiasi gani, bila kuhesabu ile "ya ziada" inayokopwa kutoka kwenye hifadhi? Mimi sishuki chini ya GB 4. Kina nafasi ya memori kadi? Kinachajiwa kwa USB-C ya kawaida? Laini yake inapiga simu au ni ya data peke yake? Nimeshauziwa mara moja, kwenye duka moja mjini, tableti isiyo na jina la maana iliyoandikwa toleo jipya la Android kwenye boksi, na ndani mkiwa na toleo la zamani lililobadilishwa namba tu. Tangu hapo ninafungua sehemu ya mipangilio palepale kaunta, ninatazama tarehe ya kiraka cha mwisho cha usalama, kwa kuwa hiyo ni ngumu zaidi kuidanganya kuliko boksi. Ikiwa ni ya miaka mitatu nyuma, ninarudisha kifaa na kuomba changu.

Na kama Galaxy Tab unayo tayari na unataka kumpa mtu, toa kwanza memori kadi na laini, kisha ifute yote kwenye mipangilio. Picha zako za 2011 bado zimo.