Tumefika Dodoma?

Mhariri, shikamoo kama unanizidi umri, kama hunizidi basi mambo vipi. Swali lenu la wiki mmeuliza, "Hadithi za kutisha usiku wa mkesha wa Krismasi, ni burudani au kumkosea Mungu?" Nimelisoma nikiwa dukani na simu ya mteja iko mezani imefumuliwa, skrubu ziko kwenye kifuniko cha soda, nikaiacha hivohivo nikaanza kuandika. Mteja kama unasoma hapa, simu yako itachelewa kidogo, walaumu hao wenye jarida.

La Mungu nawaachia wachungaji, na Dodoma hatuna upungufu wa wachungaji. Mi swali langu ni jingine na ndo linaloninyima raha kila ikifika Desemba. Hiyo hadithi unayosimulia, huyo marehemu uliyemtia humo ni wa nani? Ana ndugu? Ndugu zake wako wapi usiku huo?

Najua wengi watawaandikia kwamba hiyo ni tabia ya kuiga wazungu. Sawa, wazungu wanayo, sibishi. Uingereza kule Charles Dickens alitoa kitabu cha Krismasi kimejaa mizuka tangu 1843, na kuna msomi wa Cambridge, M. R. James, yeye alikuwa anawaita marafiki zake Krismasi pale King's College anawasomea hadithi za mizimu alizotunga mwenyewe, mshumaa unawaka. Kwao Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia, baridi, mmezunguka moto, mtafanya nini kingine? Sisi huku Desemba ndo mvua zimeanza, mtu ana haraka ya kupanda uwele na karanga, na usiku ukiwasha taa tu kumbikumbi wanakujazia sufuria. Ila kwamba hadithi za usiku tumeletewa na mzungu, hapana. Mji wenyewe huu jina lake tunaambiwa ni la tembo aliyekuja kunywa maji kwenye kijito pale Kikuyu akazama kwenye tope, Idodomya, amedidimia. Watoto tunawasimulia hiyo kama kitu cha kuchekesha. Hebu mfikirie tembo anayezama taratibu huku watu wamesimama wanamwangalia, utaniambia kama ni ya kuchekesha.

Bibi yangu kule Mvumi mchana hasimulii, ukimlazimisha anakwambia utaota pembe. Mpaka usiku, ndani ya tembe, moto umebaki makaa tu, nje fisi analia, na wewe umeshaambiwa mara mia kwamba kuna fisi wa porini na kuna fisi wa mtu, mtu anampanda usiku kama pikipiki. Ndo anaanza, "Hadithi hadithi!" na sisi, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Hapo kwenye uongo njoo nawaomba mpasikilize vizuri maana mi nimepita hapo miaka yote bila kupasikia. Yaani kabla bibi hajafungua mdomo tumeshauita uongo kwa jina lake, umekaribishwa, umekaa kwenye kigoda. Ukienda kulala unaogopa, ndiyo, mi nilikojoa kitandani mpaka darasa la tatu, ila jirani hakuna anayeamka asubuhi anatazamwa vibaya.

Sasa sisi wa siku hizi tunaanzaje? "Hiki ni kisa cha kweli kabisa, kilimpata rafiki wa binamu yangu." Kisa cha kweli. Na huyo mchawi wa kwenye kisa ni nani, si ni bibi kizee mwenye macho mekundu. Bibi yangu mwenyewe yalikuwa mekundu, maisha yake yote anapikia kuni mbichi na mavi ya ng'ombe kwenye nyumba haina hata dirisha, ulitaka yawe meupe? Vikongwe nchi hii wamekatwa mapanga kwa ajili ya macho. Haya, nisitoke nje ya mada, ingawa kwangu hii ndo mada.

Nilitaka kuwaambia ya treni.

Tuko kwenye grupu la wapenzi wa simulizi za kutisha, kama watu sitini, wengi wa Dodoma mjini na Singida, wachache Kondoa, tulikutana kwa kufuatilia simulizi moja ya kwenye simu ambayo mwandishi aliikatia utamuni akasema atume buku kwanza mwenye kutaka sehemu ya 31. Tukachanga mmoja akanunua akatugawia, na mwandishi anisamehe. Basi tukazoeana. Na tukajiwekea utaratibu, kila mkesha wa Krismasi baada ya saa sita, wa kanisani wakisharudi, tunazima taa kila mtu kwake tunatumiana voisi. Mmoja anasimulia, wengine kimya, marufuku kutuma stika mpaka amalize. Kuzima taa ilikuwa masharti ya utisho lakini kusema kweli ni kwa ajili ya kumbikumbi pia.

Krismasi ya 2024 zamu ilikuwa yangu. Mwaka huo treni mpya ya umeme ndo imeanza kuja Dodoma, kila mtu anaongelea treni, ndugu zetu wa Dar wameteremka stesheni wanajipiga picha na mabegi. Nikasema mi ntawapa treni ya zamani. Nikaandaa wiki nzima. Kwa sauti ya mataruma ya reli nikatumia kijiko juu ya mfuniko wa sufuria la pilau, nikajifungia bafuni ili mwangwi uwe mzuri, maana jirani yangu huku ninakokaa Nkuhungu alikuwa na spika mbili nje. Nikaanza kwa sauti ya chini kabisa: "Hiki ni kisa cha kweli. Kimemtokea kaka yangu wa kuzaliwa."

Sina kaka. Mi wa kwanza kwetu.

Nikasema kaka alikuwa anarudi usiku kwa miguu kandokando ya reli kule Msagali, mvua imekatika, mara reli inaanza kutetemeka ila hakuna mwanga. Treni inakuja. Inakuja kinyumenyume, haina taa, haina sauti ya injini, ni mataruma tu (hapo kijiko kikafanya kazi). Mabehewa yanapita mbele yake polepole na madirishani kuna watu wamejaa, wamekaa kimya, wamevaa vizuri kama wanaoenda sikukuu. Behewa la mwisho likasimama mbele yake, dirisha likashushwa, mama mmoja akatoa kichwa akamuuliza kwa upole kabisa, "Samahani baba, tumefika Dodoma?" Kaka akakimbia. Mwisho.

Kwa walio wadogo niseme, treni hiyo niliitoa kwenye ajali ya kweli. Tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria inatoka Dar inakuja huku, maeneo ya Igandu na Msagali ikiwa kwenye mwinuko ikaanza kurudi nyuma yenyewe, ikazidi mwendo mpaka ikaivaa treni ya mizigo. Wakafa watu 281. Nilikuwa mtoto, nakumbuka tu watu wazima wamezunguka redio na hakuna anayetuambia tukacheze nje.

Voisi yangu ilikuwa dakika saba. Nilivyomaliza grupu likalipuka, toba, aisee, nimewasha taa, wewe jamaa utatuua, admini mpe zawadi. Nilijisikia kama nimefunga goli la fainali. Halafu nikaona Bi Mkubwa anaandika. Huyo ni mama mmoja wa Kizota, tunamwita hivyo kwa heshima kwa vile anatuzidi wote, haongei sana, kazi yake kusikiliza na Jumapili kutuma mstari wa Biblia. Anaandika, anaacha. Anaandika, anaacha. Nilikaa pale juu ya ndoo naangalia neno "anaandika" kama dakika tano. Ikaja meseji moja: "Kijana, mdogo wangu alikuwa humo. Mimi ndiye niliyekuwa namsubiri stesheni ya Dodoma."

Grupu zima kimya. Hakuna stika. Sijui kama mmewahi kukaa kwenye grupu la watu sitini wote wako hewani na hakuna anayeandika, mi hiyo ndo hadithi ya kutisha kuliko zote nilizowahi kusikia. Nikaandika samahani mama, nikafuta, nikaandika pole, nikafuta, ya nini pole ya miaka ishirini na miwili. Nikazima simu. Pilau ya asubuhi ilinikaa kooni na niliipika mwenyewe.

Mchana wa Krismasi nikaona siwezi, nikamuomba admini namba ya nyumbani kwa Bi Mkubwa, nikachukua boda mpaka Kizota, jamaa akanichaji buku mbili kwa vile ni sikukuu wala sikubishana. Nimebeba kreti ya soda begani kama mtu anayepeleka posa. Nikamkuta uani anachambua mlenda, siku ya Krismasi, wajukuu wako ndani kwenye wali na kuku yeye anachambua mlenda. Nikamwambia shikamoo mama, mi ndo yule wa treni. Akasema marahaba, kaa hapo, akanisogezea kigoda. Hakuacha kuchambua.

Akanisimulia ya kitufe. Mdogo wake alikuwa na shati la bluu, kitufe cha tatu kutoka juu kilikatika, yeye akamshonea kingine, hakuwa na cha bluu akamwekea cheupe chenye matundu mawili wakati vingine vina manne. Kijana akawa anamlalamikia kwamba anamfanya achekwe mbele za watu. Walipoenda kumtambua, sura hakuitazama, alitafuta kitufe. Aliniambia hivyo huku vidole vinaendelea na mlenda, jani huku, kikonyo huku. Mimi nilikuwa naangalia vikonyo tu.

Nikasema mama nisamehe, ile hadithi ntaifuta na sitaisimulia tena. Hapo ndo akaacha kazi akaniangalia. Akasema, "Nani kakwambia ufute? Nimeisikiliza mara tatu." Akasema kwao hawaongelei kabisa, mama yao mpaka anafariki hakuwahi kulitaja jina la yule kijana, ikifika Juni nyumba nzima inakuwa kama ina mgonjwa. Halafu anatokea mtoto wa watu na kijiko chake (alijua ni kijiko, aliniuliza kama ni sufuria la aluminiamu), anawaweka wote madirishani wamevaa vizuri. Kilichomuuma hakikuwa mzuka. Vilimuuma viwili. Cha kwanza, "Kwa nini umesema ni kweli? Ungesema uongo ningesikiliza nikalia nikalala. Umesema kweli, nimekaa mpaka alfajiri najiuliza labda wapo pale bado." Cha pili akanirudishia swali: "Yule mama anauliza wamefika Dodoma. Kaka yako akamjibu nini?"

Nikasema alikimbia.

Akasema, "Hakumjibu?"

Nikasema mama, sina kaka. Akacheka kwa mara ya kwanza, akaita mjukuu aniletee wali.

Mhariri, nilipoanza kuandika hapa asubuhi nilikuwa nimekusudia kusema hivi: hadithi za kutisha Krismasi ruksa, fisi ruksa, jini wa kwenye mbuyu ruksa, ila marehemu wa kweli marufuku, mtu mwenye ndugu hai asiguswe. Nilikuwa na hasira hata ya kutaka mlichapishe kwa herufi kubwa. Sasa nimefika hapa na naona sina hakika tena na marufuku yangu. Maana kwa sheria hiyo ile ya kwangu ndo ingekuwa ya kwanza kufutwa, na mwenye marehemu mwenyewe kanikatalia. Lakini pia huyo ni mmoja. Abiria walikuwa wengi, na sijui kama nani mwingine aliisikia akazima simu yake akaumia kimyakimya bila kuandika, na huyo sitampelekea soda kwa kuwa simjui. Kwa hiyo msinichukulie kama nimetoa ruhusa. Mi nasema tu mwenye kusimulia aanze na uongo njoo, ausubiri uongo uje ukae, na kama ana marehemu wa watu mkononi amshike kama anavyoshika mtoto wa watu. Na hilo la vikongwe wa macho mekundu halina majadiliano, hizo ziacheni kabisa, Krismasi na siku zote.

Na kama bado mnataka jibu la swali lenu, kwamba ni kumkosea Mungu au la, Bi Mkubwa anatoka kanisani ndo anakuja kusikiliza, mkamuulize yeye.

Mwaka huu zamu si yangu, ni ya dada mmoja wa Kondoa, ana ya kwake ya kule Kolo kwenye michoro ya mapangoni, anasema ataanza na paukwa. Ila Bi Mkubwa amenitumia meseji juzi, amemuomba huyo dada dakika saba za mwisho aniachie mimi. Anataka ile ya treni irudiwe, kaka aondolewe, na pale dirishani pawe na mtu wa kujibu. Kijiko nibaki nacho. Na nisianze kabla ya saa saba usiku, mwaka huu wanakwaya wao wanaimba mpaka mwisho.